Unga Hautupwi Ndani ya Nyumba

Kikula, Likasi (pale gare, kituo cha treni, wanaandika Jadotville, lakini weye ulizaliwa Likasi)

Mwanangu Prosper, baba yangu,

Umechukua jina la baba yangu, kwa hiyo sina namna nyingine ya kukuita, hata siku ambazo nimekukasirikia.

Nakuandikia mchana. Weye ungali kule komini, serikali ya mji, unaaga wenzako wa biro, na mashini iko kimya. Ba mama wanapita na mabeseni ya mahindi, wanachungulia mlangoni. "Mama Prosper, leo hausage?" "Leo minaandika." Wanacheka mpaka beseni zinayumba. Wanadhani najua kupima debe tu. Hawajui kwamba masista wa Kapolowe walinifundisha, na sista mmoja alisema mwandiko wangu unapita wa padri, ila nisimwambie padri. Kiswahili chao cha kitabu ninacho. Lakini kinywa changu ni cha Kikula, na pale kitakapoushika mkono, utanisoma vile vile.

Mambo ya koti, ya dawa ya malaria na ya kutokulala karibu na mlango wa treni atakuambia baba yako. Yeye anapenda kuagiza. Minye niko na jibu moja tu la kukupa.

Jumapili uliniuliza, bukari, ugali wetu, ikiwa bado imefunikwa mezani: "Mama, mashini itatoka kabla sijaenda, ao nitaenda bila weye kunijibu?" Nikachukua sahani yangu, nikaenda kula jikoni. Tangu siku ile tunapishana mlangoni kama watu wawili waliopanga nyumba moja. Na kesho treni inakuchukua kwenda Elisabethville, kukaa na wale wanaotunga sheria ya miji: mashini ya kusaga isimame wapi, wenye kupasua mbao wapi, ghala za makaa wapi. Kila mwenye mashini hapa Kikula amekubali kuhama, amebaki mmoja. Huyo mmoja ni mama wa mwandishi wa ramani. Nilimsikia shefu wako akikuambia nje ya dirisha letu, hata sauti hakuipunguza: "Kule utaenda kuhamisha mama za watu, na yako amekushinda?" Ulitazama viatu. Viatu vile nilivipaka rangi mwenyewe, na niliona aibu kwamba unavitazama hivyo.

Sasa niache niandike polepole, maana jibu langu liko mbali kidogo, inabidi nilifuate.

Unakumbuka mashini ilivyokuja. Nitasema tena, ni raha yangu. Wakati ule nchi ilipokatika, tukaambiwa sisi ni Katanga peke yetu, na bendera mpya na timbre mpya za barua, wazungu wengi walifunga magodoro juu ya magari wakashika njia ya kusini. Yule Mgiriki wa duka la kona alikuwa anapiga misumari mlangoni, bibi yake analia ndani ya gari. Nikavaa kitambaa changu kizuri cha kichwa, nikamwendea. "Bwana, ile mashini yako haiingie mu gari." Akaitazama. Akanitazama. "Mama, unajua kuiwasha?" "Nitajua." Wanawake wa soko zima walikuwa wamesimama pale, na hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa mama yako. Mwezi haukuisha, Kikula yote inakula unga wangu. Tuliiweka hapa nyumbani, mgongo wake kwenye ukuta wa jiko la shangazi yako Veronika, kwa sababu nafasi ilikuwa hapo na kwa sababu nilitaka kuisikia nikiwa kitandani.

Lo, nilivyoipenda nyumba ile ya mashini! Weye ulikuwa unamaliza shule, unakuja kulala juu ya magunia na kitabu kifuani, husomi. Jua liliingia kwenye matundu ya misumari ya bati, likasimama ndani kama vijiti, na unga ukawa unazunguka katika kila kijiti. Siku moja ulisema, macho yako karibu kufunga: "Mama, hewa inaanguka polepole." Nilizima mashini ili nisikie vizuri kama ungesema neno lingine. Ulikuwa umelala. Nikakaa nikikutazama, una nyusi nyeupe kama mzee, na nikaona siku zako zote za mbele zikishuka juu yako hivyo hivyo, laini, bila sauti.

Na juu kwenye miti inayobeba bati unga ulijaa. Ulilala pale juu mnene kama blanketi. Baba yako, kila akirudi kutoka kiwanda cha shaba cha Shituru, aliinua kichwa. "Mama Prosper, kule kwetu vumbi inafagiwa." "Weye na shaba yako," nilimwambia. "Shaba hailiwi." Maana minye nilikuwa na maneno yangu: nyumba ya mashini ikiwa safi, watu watasema haina kazi. Mgeni akija nilimwonyesha juu. "Unaona? Ile njo mafuta ya mashini yangu." Wenzangu wote wa Kikula walifanya vile. Tulishindana kwa weupe wa miti, kama wengine wanavyoshindana kwa sahani za ukutani.

Halafu ikaja siku ulipopata kazi ya komini.

Masika yalikuwa yamefika, mvua inapiga tangu asubuhi, na kule Elisabethville walikuwa wanapigana na askari wa kofia za bluu. Watu walikuwa na woga, hawakai nje. Lakini mtoto wangu amekuwa mtu wa biro! Ningekaa kimya? Kwetu muntu akipata heri anamwagiwa unga kichwani, awe mweupe, aonekane toka mbali. Ulisema: "Mama, tungoje mvua ipite, tufanye kwa uwanja." Nakumbuka ulisema. Nikakujibu: "Mvua inyeshe kwao. Minye niko na nyumba kubwa kuliko uwanja wao." Nikaingiza ba mama wote katika nyumba ya mashini, nikafunga mlango mvua isiwapige. Mbabula ilikuwa katikati, makaa mekundu, birika la chai juu yake. Ulisimama karibu nayo na koti lako jipya, unacheka kwa haya. Wakaanza kuimba. Mmoja akatupa unga kidogo kwa mkono, mwingine akatupa, weye unafunga macho. Nikaona ni kidogo. Nikaona mtoto wa Mama Prosper hawezi kumwagiwa kwa konzi kama chumvi. Nikachukua beseni zima, nikalirusha juu.

Ulikuwa uzuri ambao sijauona tena. Unga ulipanda, ukasimama hewani, na kwa muda mfupi kabisa kila muntu alitoweka. Nilisikia vicheko bila kuona nyuso. Ilikuwa kama tumo ndani ya wingu, sisi sote, na weye katikati. Halafu wingu likawaka.

Moto wa kwanza ulikuwa mdogo, puf, kama muntu anapuliza taa. Ningesema umekwisha. Lakini ulitikisa miti, na blanketi langu lote, mafuta ya mashini yangu, yakashuka juu ya moto ule. Wa pili nilikuta umenikalisha nje kwenye matope, na mabati yapo angani yanageuka geuka chini ya mvua, taratibu, kama karatasi. Ukuta wa jiko la Veronika ulikuwa umelala ndani ya jiko.

Sasa kucheka, tucheke, maana tulicheka. Kikula yote ilijua vita imefika. Mama mmoja wa ng'ambo ya njia alikimbia na godoro kichwani na kuku kwapani mpaka barieri ya majandarme, pale askari wanapozuia njia. Jandarme akaja mbio, bunduki mbele.

"Nani anapiga?"

"Ni bunga, shefu," nikamjibu.

"Bunga?"

"Bunga ya mahindi."

"Mama, usinichezee. Bunga inapiga batu tangu siku gani?"

Na Veronika pale chini, tumemfunika mikono kwa vitambaa vya maji, akasema bila kufungua macho: "Tangu leo, baba. Ingia, uikamate."

Weye ulitoka na nywele zimeungua upande mmoja. Minye nilitoka bila nyusi, na hata hivyo watu walisema nimebaki mzuri. Veronika ndiye aliyelipa. Alikuwa amesimama nyuma yako, mikono juu, anaimba kuliko wote. Mkono wa kuume haujanyooka mpaka leo. Anapenda kusema: "Nilikuja kupakwa weupe, nikachomwa kama muhindi juu ya makaa." Watu wanacheka, naye anacheka, halafu anainua beseni kwa mkono mmoja.

Najua kazi hii ya ramani uliianza kule hospitali. Ulikaa karibu na kitanda chake ukichora kwa kidole kwenye shuka: hapa mashini, hapa jiko, hapa ukuta. Baadaye nikakuona jioni unapita mitaa ya Kikula na kamba, unapima kutoka kila mashini mpaka mlango wa jirani. Watu walikuuliza kama unanunua viwanja. Ulirudi ukaniambia sheria ya zamani ya wazungu ilijua kelele, ilijua panya, ilijua harufu, lakini haikujua vumbi. Vumbi iliachwa ikae popote. "Mama, kuna mashini inagusa ukuta wa kanisa," ulisema. "Kuna mpasua mbao ana vumbi ya mbao mpaka magotini, na nyuma yake darasa." Nikakupa chai. Nilikuwa nasikiliza sauti yako tu, jinsi ilivyokuwa nene.

Komini ikakubali. Mashini zote za vumbi zitoke kati ya nyumba, ziende kule uwanda wa majani, mbele ya nyumba za mwisho, kando ya reli ya kwenda Shituru na Elisabethville, ambako upepo unakuta nafasi. Na minye, nikiwa sokoni, mashini yangu imepona na ina bati jipya juu, nikapaza sauti: "Yangu? Itoke? Mtoto wangu njo anaandika. Nani atanitoa, kalamu?" Ba mama wakapiga makofi. Kumbe jioni ile ile weye ulikuwa umekaa na penseli nyekundu, na duara la kwanza uliloliweka kwenye ramani lilikuwa juu ya nyumba ulimozaliwa.

Niliposikia nilikuja kwako kama mvua ya mawe. Nilisema mambo ya tumbo lililokubeba, ya maziwa, ya karo. Kila mama anayo maneno hayo yamekunjwa mahali, siku ya hasira anayafungua. Uliendelea kuchonga penseli mpaka nikachoka. Halafu ukasema: "Mama, nikianza na wa jirani, watasema ninakuficha. Nikianza na weye, hakuna atakayekataa." Neno hilo lilinichoma kwa sababu ni neno ambalo ningelisema mimi. Unajigamba kama mama yako, ila kwa sauti ndogo.

Lakini na mimi nilikuwa na neno langu, na lile neno silirudishi. Nilikuuliza: ba mama watafikaje? Kutoka hapa mpaka kule majani, barieri ya majandarme iko katikati ya njia. Utawaambia wapite na beseni kichwani mbele ya vijana wenye bunduki, kwenda na kurudi, wengine na mtoto mgongoni, wengine na tumbo? Mashini iliwekwa karibu na jiko kwa sababu, Prosper. Anayekwenda kusaga si yule anayechora. Penseli yako haikuwa na rangi ya kitu hicho. Nilikuona unawaza, nikafurahi vibaya, nikafikiri nimekushinda na jambo limekwisha.

Halikuisha. Tangu Jumapili ninaota mashini inatembea. Haina haraka. Inatoka mlangoni kwa miguu yake ya chuma, imejifunga kitambaa changu kizuri kichwani, inapita katikati ya Kikula, na watu wanaipisha na kuisalimia: "Jambo mama." Inafika pale penye majani, inakaa, inapumua. Kila mara naamka kabla ya kujua inasema nini.

Leo asubuhi, ulipotoka, nilimwita Veronika. Nikachukua unga kwenye kikombe, tukaenda kule kwa miguu, ili nione mwenyewe huo uwanja wako unaoutukuza. Barieri walitusimamisha. Kijana mmoja akauliza kuna nini ndani ya kikombe. "Bunga," nikasema. Veronika akamwambia: "Rudi nyuma kidogo, mwanangu, ya huyu mama inauma." Tukapita. Kijana alikuwa na umri wako. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Kule hakuna kitu, unajua. Majani ya kiangazi, marefu, makavu, ya rangi ya simba, na reli, na mbali moshi wa Shituru unaenda zake bila kumuuliza muntu. Nikaweka kikombe mkononi. Nikafikiria mama yangu kule Kapolowe. Yeye alitwanga nje, kwenye udongo uliofagiwa, na unga uliotoroka kinuni ulikwenda na upepo, ukawa wa ndege, wa nyasi, wa hakuna. Sikumbuki hata siku moja akiukusanya ili watu wauone. Nilikuwa nimelala karibu na miguu yake, kama weye juu ya magunia, nikitazama weupe ukiondoka. Nimekuwa mtu wa mashini, nikausahau upepo.

Nikautupa ule wa kikombe. Veronika aliinua mkono wake mbovu kujikinga. Haukupanda mbali, lakini niliona ulivyojaribu. Mkono wake ulikumbuka kabla ya yeye mwenyewe. Na unga ukaenda. Ulipanda kidogo, ukajinyoosha kama shuka, ukapita juu ya reli, haupo.

"Basi?" Veronika akauliza.

"Basi."

"Hata puf?"

"Hata puf."

Akaushusha mkono. Tulikaa kwenye majani muda mrefu. Halafu akasema, anatazama reli: "Ukiweka mlango upande huu, tutaona treni."

Hilo ndilo jibu langu, baba. Mashini inatoka. Baba yako na wenzake wa kazi watakuja na mkokoteni siku ya mapumziko yao, na Veronika ameshawaambia ba mama wa mtaa kabla sijafika nyumbani, kwa hiyo hata nikitaka kurudi nyuma siwezi. Nitakuwa wa kwanza kule. Sikuzoea kuwa wa pili. Nitafagia miti yangu kila jioni, na atakayesema sina kazi aje na mahindi ajionee. Mbabula haitavuka mlango. Chai yao watainywea nje kama wafalme.

Lakini usishangilie peke yako. Kule unakokwenda utakaa na watu wenye meza kubwa, watakaoandika neno moja: mbali. Mashini iwe mbali. Ni neno zuri, limeokoa jiko la Veronika wa kesho. Weye ukilisikia, umkumbuke yule anayeubeba umbali huo kichwani. Ukiandika mahali pa mashini, andika na njia ya ba mama, pana, isiyopita kwa bunduki. Wakikuambia njia si kazi ya biro yako, waambie mama yako amekataa kuhama bila njia. Tumia jina langu. Ni jina linalojulikana Kikula, halitaona haya Elisabethville.

Na wakikusifu, maana watakusifu, nimekuzaa mimi, inua macho kidogo utazame kwenye miti ya nyumba. Mimi sikutazama. Nilionyesha tu.

Naogopa safari yako. Sikusema, nasema sasa. Mji ule umepigwa, na watu wanaotoka kule wanazungumza chini. Nikifunga macho nakuona bado juu ya magunia, na mashini imezimwa, na hewa inaanguka. Ningeweza kukaa hapo. Lakini mlango wa gare unafunguka asubuhi.

Kesho sitakuja gare. Usinitafute katikati ya watu, wala usiwe na uchungu. Baba yako atabeba sanduku. Weye ukae dirishani, upande wa nyumba za mwisho, na treni ikianza kupata mbio, tazama penye majani. Utaona wanawake wawili. Mmoja anainua mkono mpaka nusu: huyo ni shangazi yako, mrudishie salamu yote. Mwingine ameshika beseni, lile kubwa, limejaa.

Siku ile ya mvua hatukumaliza kukumwagia. Nitakumwagia kesho, nje, na upepo ukiwa wa kwetu. Fungua dirisha.

Mama yako,
Mama Prosper wa mashini, sasa wa kando ya reli